Baba Amtazamaye Mtoto Wake
Somo kwa wazazi na kwa walimu wa dini

Katika somo la mwezi huu twataka kutazama jambo lililo karibu nasi sana, hata watu wengi hulipita bila kuliona. Ni jinsi mtoto mdogo anavyokua na kujifunza tangu kuzaliwa kwake hata apatapo miaka miwili au mitatu, na kazi ya baba yake katika siku hizo. Walimu wanaweza kulisoma pamoja na wazazi wapya. Wasome kidogo kidogo, kisha waulizane habari za watoto wao wenyewe.

Hapa Kabanga, na katika vijiji vingi vya Ngara na Biharamulo, husemwa kwamba mtoto mchanga ni wa mama. Baba humngoja apate akili, yaani aweze kuchunga mbuzi au kutumwa dukani, ndipo aanze kumfundisha. Maneno hayo yana kweli yake, kwa maana maziwa ni ya mama, wala hakuna baba awezaye kunyonyesha. Lakini wasemao hivyo hudhani kwamba akili huja siku moja, kama mgeni ashukaye katika basi na mzigo wake mkononi. Akili haiji hivyo. Siku ile baba asemapo, "Sasa mtoto ana akili," sehemu kubwa ya kazi imekwisha kufanyika mbele ya macho yake, naye hakuiona.

Mtoto azaliwapo hajui neno, lakini si kwamba hajui kitu. Mwaka 1980 wataalamu wawili wa Marekani walionyesha kwamba mtoto asiyepita siku tatu tangu kuzaliwa huitambua sauti ya mama yake, na kuitaka kuliko sauti ya mwanamke mwingine. Kwa maana aliisikia angali tumboni. Macho yake huona vizuri yaliyo karibu tu, yapata sentimita 20 hata 30, na hiyo ndiyo nafasi iliyopo kati ya titi na uso wa mama. Basi baba huanza nyuma, hana budi kujijulisha. Hujijulisha kwa kumpakata, kwa kuuleta uso wake karibu, na kwa kunena naye ingawa hajibiwi. Katika juma la sita, au karibu na hapo, mtoto ataanza kutabasamu akimwona mtu, na baba aliyekuwa akinena peke yake atajua ya kuwa alikuwa akisikiwa.

Wako mababa waliofanya kazi hiyo ya kutazama wakaiandika. Mmoja ni Mwingereza Charles Darwin, yule mchunguzi wa viumbe ambaye jina lake limeleta mabishano mengi; nayo mabishano hayo si habari yetu leo. Mwana wake wa kwanza alizaliwa tarehe 27 Desemba 1839, naye akaanza kuandika aliyoyaona. Siku ya saba aligusa wayo wa mtoto kwa kipande cha karatasi, mtoto akauvuta mguu na kukunja vidole. Alipokuwa na miezi minne na nusu, mtoto alitabasamu mara nyingi kwa kuiona sura yake na sura ya baba yake katika kioo, akidhani ni watu kweli. Alipotimiza mwaka mmoja alijifanyizia neno lake mwenyewe la chakula, akisema "mum". Na alipokuwa na miaka miwili na miezi saba na nusu, baba yake alikutana naye akitoka katika chumba cha kulia, macho yaking'aa kuliko desturi. Alikuwa amekula sukari pasipo ruhusa. Maandiko hayo yalikaa miaka mingi, hata mwaka 1877 ndipo Darwin alipoyachapisha katika gazeti la wataalamu.

Angalieni vyombo vyake: daftari, kipande cha karatasi, na kioo. Hakuna nyumba ya Kabanga isiyoweza kupata vitu hivyo.

Baba mwingine ni Mswisi Jean Piaget, aliyewatazama watoto wake watatu, waliozaliwa kati ya mwaka 1925 na 1931. Alichukua kitu ambacho mtoto alikuwa akikinyoshea mkono, akakifunika kwa kitambaa mbele ya macho yake. Mtoto wa miezi michache aliuacha mkono ushuke, kana kwamba kitu kile kimetoweka duniani. Mtoto wa miezi minane au tisa alikishika kitambaa, akakiondoa, akachukua chake. Wataalamu waliofuata wameonyesha kwamba mtoto hujua zaidi kuliko Piaget alivyodhani, na mapema zaidi, ila mikono yake haijaweza kuonyesha ayajuayo. Hata hivyo jaribio lenyewe ni zuri, na baba aweza kulifanya jioni kwa gunzi la mahindi na kipande cha kitenge. Kisha baada ya mwezi mmoja alifanye tena, aone tofauti.

Mimi mwandishi wa somo hili nina mwana wa mwaka mmoja na miezi saba. Barabara iendayo mpaka wa Burundi haiko mbali na nyumba yetu, na malori hupita usiku na mchana. Mtoto huyu alijua kunguruma kama lori likipanda mlima kabla hajajua kutamka jina lake. Juma lililopita alilichukua gunzi, akalisukuma juu ya mkeka, akanguruma. Mtu aweza kucheka akaenda zake. Lakini fikirini alilofanya: gunzi si lori, naye ajua si lori, maana dakika moja kabla alikuwa akilitafuna, hata hivyo amelifanya lisimame badala ya lori. Kitu kimoja kusimama badala ya kingine, huo ndio mlango wa maneno, na baadaye wa herufi na hesabu. Neno "ng'ombe" halina pembe wala mkia, lakini twalitumia badala ya ng'ombe mwenyewe. Mwalimu afundishaye watoto kusoma aona matunda ya gunzi lile.

Kadhalika habari ya kutupa vitu. Mtoto aliyeketi juu ya mkeka hutupa kijiko. Waokota, wampa; atupa tena. Mara ya sita wamkaripia. Lakini mkono wake wauliza maswali: Je! kitaanguka tena? Je! kitalia vile vile? Je! baba atakiokota? Maswali yote matatu ni ya maana, na la tatu kuliko yote. Sisemi baba aokote mpaka usiku. Nasema ajue ya kuwa haya si ukaidi. Ukaidi una wakati wake, nao utakuja bila kuitwa.

Sasa tuseme juu ya kutembea, kwa kuwa hapa ndipo majirani huleta fitina. Shirika la Afya Duniani lilichunguza watoto wenye afya katika nchi tano, yaani Ghana, India, Norway, Omani na Marekani, likatoa habari zake mwaka 2006. Lilikuta kwamba mtoto mzima wa afya huanza kutembea peke yake wakati wo wote kati ya mwezi wa nane na karibu mwezi wa kumi na nane. Nafasi hiyo ni miezi tisa na zaidi! Tena watoto wapata wanne katika mia hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti, bali walitembea vizuri walipofika wakati wao. Basi shangazi asemapo kwamba wa jirani alitembea akiwa na miezi kumi, na huyu wetu ana mwaka na angali akishika ukuta, baba ajibu kwa upole kwamba wote wawili wamo njiani.

Lakini isidhaniwe kwamba mafundisho hayafai kitu. Katika Kenya, kijiji cha Kokwet katika nchi ya Wakipsigis, Mmarekani Charles Super aliwatazama watoto wachanga na mama zao, akaandika habari zao mwaka 1976. Kabla yake watu wa Ulaya walikuwa wamesema kwamba watoto wa Afrika huwahi kukua kwa kuzaliwa tu. Super aliona jambo jingine. Mama wa Kipsigis humfundisha mtoto kuketi, akimwegemeza vizuri mpaka mgongo wake upate nguvu. Humfundisha kusimama na kutembea, akimshika mikono. Kwa mambo hayo watoto wale walitangulia wenzao wa Marekani kwa karibu mwezi mmoja. Lakini katika kutambaa, ambako hakuna aliyewafundisha kwa bidii, hawakutangulia. Yaani mtoto alitangulia pale alipofundishwa, na pale tu.

Lililo kweli kwa miguu ni kweli zaidi kwa ulimi. Karibu na mwisho wa mwaka wa kwanza, mtoto huanza kunyosha kidole. Aona ng'ombe, anyosha kidole, kisha ageuka kumtazama baba. Hapo pana mambo matatu: mtoto, ng'ombe, na baba, na mtoto ataka baba aone aonacho yeye. Baba akisema, "Ndiyo, ng'ombe! Ng'ombe anakula majani," mtoto amepewa neno wakati ule ule alipolitaka. Imeonekana kwamba mtoto hushika upesi jina la kitu anachokitazama mwenyewe, kuliko jina la kitu ambacho mkubwa amemgeuza kwa nguvu akitazame. Kwa hiyo mzazi mwenye hekima hufuata kidole cha mtoto. Kuna wakati wa kumwonyesha mambo yetu, lakini kwanza tuyajibu ya kwake.

Wengine huona wasiwasi kwa sababu watoto wa kwetu husikia lugha nyingi. Nyumbani Kihangaza au Kishubi, sokoni Kirundi cha watu wa ng'ambo ya mpaka, kanisani na barabarani Kiswahili. Huulizwa, Je! hatachanganyikiwa? La, hatachanganyikiwa. Atachanganya maneno kwa muda, leo "amazi", kesho "maji", kisha atazitenga lugha mwenyewe, akijua amjibu bibi kwa ipi na mwenye duka kwa ipi. Hasara iko kwa mtoto asiyesemeshwa kwa lugha yo yote. Tena simu haiwezi kuifanya kazi hiyo kwa ajili ya baba. Mwaka 2003 wataalamu wa Marekani waliwapa watoto wa miezi tisa masomo machache ya Kichina. Wengine walisemeshwa na mtu aliyeketi nao na kucheza nao. Wengine waliona na kusikia mambo yale yale katika picha za video, au kwa sauti tu. Wale wa kwanza walizishika sauti za Kichina. Wale wengine hawakupata kitu. Sauti ilikuwa ile ile, lakini hapakuwa na mtu wa kuwatazama machoni.

Najua baadhi ya mababa wanaona haya. Mwanamume aonekanapo barabarani na mtoto mgongoni, au akifua nepi mtoni, vijana humcheka. Wasomaji wa gazeti hili watapenda kujua kwamba jambo hilo lilipata kuandikwa na Martin Luther mwenyewe, katika kitabu chake cha mwaka 1522 juu ya ndoa. Alisema kwamba baba afuaye nepi za mtoto kwa imani huenda akachekwa na watu kama mjinga, lakini Mungu pamoja na malaika wake wamfurahia. Aliyaandika hayo miaka mitatu kabla ya kuoa, nami nimejiuliza mara nyingi kama alijua anenalo. Lakini Hans wake alizaliwa mwaka 1526, na mwaka 1530, Luther alipokuwa katika ngome ya Coburg mbali na nyumbani, katikati ya mambo mazito ya kanisa zima, alimwandikia mtoto huyo wa miaka minne barua. Hakumwandikia mafundisho ya wakubwa. Alimweleza bustani nzuri yenye watoto, matunda, na farasi wadogo wenye hatamu za dhahabu. Mtu huyu aliyebishana na wafalme alijua ni nini kinachompendeza mtoto wa miaka minne. Na hayo hayajulikani ila kwa mtu aliyeketi naye.

Wengine watasema hawana nafasi. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 iliweka kwamba baba aliyeajiriwa apewe likizo ya siku zisizopungua tatu mkewe ajifunguapo, nazo ni chache sana. Mkulima hana likizo hata moja, lakini naye hana msimamizi. Mtoto aweza kuketi chini ya mgomba wakati baba apaliliapo, nusu saa, na kusemeshwa kwa mbali. Hiyo ni shule.

Sasa nifike katika neno lililonifanya niandike somo hili. Kutazama kwa baba si kwa furaha peke yake. Kuna madhara yaingiayo kimya kimya katika miaka hii ya kwanza, na aonaye mapema ndiye awezaye kusaidia.

La kwanza ni udumavu. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Tanzania watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano ni wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya kukosa lishe na kuugua mara kwa mara. Madhara yake huanza tangu mimba mpaka miaka miwili, na baada ya hapo ni vigumu sana kuyarudisha. Kwetu mtoto hushiba ndizi, tumbo likajaa, na mama akasifiwa. Lakini ndizi peke yake haijengi mwili. Yataka maharage, dagaa, yai, maziwa, mboga. Baba ndiye mara nyingi auzaye kahawa na kushika fedha. Akiwa humtazama mtoto wakati wa kula, ataona sahani. Na akienda kliniki pamoja na mama, ataona katika kadi mstari ukipanda au ukilala. Mtu aliyeuona mstari ule ukilala hawezi tena kusema hakujua, siku ya soko, akiwa na fedha mkononi na pombe ya ndizi mbele yake.

La pili ni masikio. Mtoto kiziwi hana alama usoni. Hucheka, hutambaa, hucheza kama wengine. Hata sauti za kitoto huzitoa katika miezi ya kwanza, ndipo wazazi hudanganyika. Baadaye sauti zile hupungua. Watu husema ni mzito, au ni mkaidi, haitiki aitwapo. Wengine humpiga. Hata afikapo miaka minne au mitano ndipo ijulikane kwamba hasikii, na miaka iliyo bora ya kujifunza lugha imepita. Uziwi waweza kuwa wa kuzaliwa, au kuletwa na homa ya uti wa mgongo, au surua, au usaha wa masikio usiotibiwa.

Baba aweza kupima hivi. Mtoto wa miezi sita au zaidi aketi kwa mama, akitazama mbele. Baba asimame nyuma yake, mahali asipoonekana, wala kivuli chake kisionekane, wala asikanyage kwa kishindo, kwa maana mtoto kiziwi huhisi kishindo kwa mwili wake. Kisha amwite kwa sauti ya chini. Mtoto asikiaye atageuka, kama si mara ya kwanza, basi ya pili. Afanye hivyo siku mbalimbali. Asipogeuka, au akitimiza mwaka na nusu bila neno hata moja, au akiacha maneno aliyokwisha kuyajua, wazazi wasingoje. Waende zahanati, na huko waombe kupelekwa kwa daktari wa masikio. Nao waseme wazi waliyoyaona na tangu lini. Baba aliyeandika katika daftari atasaidia sana hapo.

Tena ikijulikana kwamba mtoto ni kiziwi, mambo hayajaisha. Akili yake ni kama ya wengine, yangoja lugha tu, na lugha yaweza kuingia kwa macho. Mtoto kiziwi aonyeshwaye lugha ya alama tangu uchanga huanza kubabaika kwa vidole, kama wenzake wababaikavyo kwa midomo, kisha huunganisha alama mbili mbili katika umri ule ule ambao wenzake huunganisha maneno. Ziko shule za viziwi katika nchi yetu. Ile ya Tabora ilifunguliwa tangu mwaka 1963. Lakini shule humpokea akiwa mkubwa kidogo. Miaka ya kwanza ni ya nyumbani, na wazazi hawana budi kujifunza alama wenyewe.

Maswali ya kuulizana: Mtoto wako mdogo alinyosha kidole kuonyesha nini juma hili, nawe ulijibu nini? Ni neno gani alilojifanyizia mwenyewe, ambalo watu wa nyumbani tu hulielewa? Je! umepata kumwita kwa sauti ya chini, ukiwa nyuma yake?